Turubai Nyuma ya Picha

Mwaka ule maji ya mto Tana yalipopanda na kuwatoa watu mashambani, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua studio ya picha hapa Garsen, katika chumba cha mabati kilichokuwa ghala la mahindi. Kamera nilikuwa nayo, na flashi mbili za mitumba. Nilichokosa ni pazia la nyuma. Yale ya madukani Mombasa yalinishinda bei, kwa hiyo nikaanza kujitengenezea. La kwanza lilikuwa shuka. Flashi ilipowaka, mabati yalionekana nyuma yake mistari mistari, kama mbavu. Nikajaribu blanketi jeusi, likanasa kila uzi na kila unywele.

Kisha kijana mmoja akapita na turubai begani. Lilikuwa jeupe, zito, pana la kutosha familia nzima. Aliniuzia kwa bei ya kutupa, wala sikumwuliza alilitoa wapi. Sikuuliza kwa sababu nilijua. Kambi ya waliokimbia mafuriko ilikuwa Minjila, si mbali, na turubai lenyewe lilikuwa na maandishi ya buluu ya watu wa misaada. Hayo maandishi ndiyo niliyoanza kuyapaka rangi, nikarudia tena yalipokauka, kabla sijagusa pengine popote.

Kazi niliifanya vizuri, siwezi kukataa. Nilichanganya mabaki ya rangi ya ukuta na masizi na vumbi kidogo la saruji ili turubai lisimeremete, nikagongagonga kwa kipande cha godoro kuukuu mpaka likawa na mawingu ya kijivu, mepesi katikati na mazito pembeni. Flashi moja niliielekeza kwenye mwavuli mweupe, upande wa uso wa mteja. Nyingine niliificha nyuma ya kiti chake, imulike turubai. Mtu akikaa mbele kidogo, kivuli chake kinaanguka sakafuni na nyuma ya kichwa panabaki mwanga laini. Watu walipenda mno. Hata maharusi kutoka Tarasaa walikuja.

Maji yalikuwa yameshashuka alipoingia mama mmoja wa kijiji cha Wema na watoto wake watatu, wamepakwa mafuta, nguo zimepigwa pasi. Mto ulikuwa umemchukulia nyumba pamoja na picha zote zilizokuwa ukutani, hata ya marehemu mumewe. Sasa amejenga tena, akasema, na ukuta mtupu unamchosha macho.

Niliwapanga. Nikamwita yule mdogo aangalie kamera, hakugeuka.

"Mwite upande huu," mama akasema, akimgusa sikio la kulia. "Lile jingine halisikii vizuri tangu tulipokuwa kambini."

Akainuka kunyoosha kunjo lililokuwa pembeni mwa turubai, akaishika ile pembe, asiiachie tena.

"Huu mshono ni wangu," akasema.

Nilisogea kutazama. Ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa nyavu, mshono mnene wa kwenda na kurudi. Nilikuwa nimeupaka rangi bila hata kuufikiria.

"Upepo ulipasua hapa, nikashona. Halafu huyu mtoto akashikwa na homa, nikampeleka zahanati. Niliporudi nikakuta miti mitupu imesimama. Tulinyeshewa mpaka jirani akatupisha kwake."

Nilimtazama yule mtoto, na sikio lake. Homa ilikuwapo kabla turubai halijaibwa. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile.

"Mama, mimi nilinunua," nikasema. "Sikuiba."

"Sijasema umeiba, mwanangu." Akakwaruza rangi kwa ukucha, buluu ikachungulia. "Hapa umepaka wewe?"

"Ni mimi."

"Basi ulisoma kwanza."

Nikasema nitalishusha sasa hivi, alichukue. Nilikuwa nimeshapanda kiti kufungua waya aliponizuia.

"Piga picha kwanza. Watoto watachafuka."

Nikapiga. Picha ilitoka nzuri kweli: watoto wanang'aa, mwanga umekaa sawa, yule mama amenyooka na shingo yake ndefu, nyuma yake mawingu yangu ya kijivu. Niliisafisha, nikaitia fremu, na wiki iliyofuata nikaipeleka Wema mwenyewe, turubai nimelifunga nyuma ya bodaboda.

Nilimkuta uani akipura mpunga. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani nilikuwa nikitamani hivyo. Akaipokea fremu, akaitazama kwa muda, akauliza kama kola ya kifungua mimba wake haikukaa upande. Nikamwambia imekaa vizuri. Kisha akanielekeza nilitandaze turubai chini, upande wa rangi uelekee ardhini ili usichafue nafaka. Tukamwaga mpunga juu yake, tukausambaza kwa mikono, yeye upande wake, mimi upande wangu.

"Samahani, mama," nikasema hatimaye.

"Nimesikia," akajibu, akaendelea kusambaza.

Baadaye akaniletea chai na viazi vitamu. Nilitaka kuondoka, lakini kukataa chakula chake kungekuwa kosa lingine juu ya lile. Nikakaa, nikala, macho chini, huku yeye akiniuliza kama Garsen mvua imeanza.