Ugali Ndani ya Kisiki cha Mcheri

Nilipokuwa na miaka minane niliamini kabisa kwamba mti uliopandwa na mwanamke una matumbo ya huyo mwanamke. Habari hii alinipa Bahati, binti wa Wakongo waliopanga chumba cha uani kwetu, mtaa wa Rosettenville, Johannesburg. "Muti yenye mama yako alipanda, ndani yake ni ndani ya mama," alisema. "Kweli, minakuambia!" Alinizidi darasa moja, kwa hiyo kwangu alikuwa profesa.

Mcheri wetu, mti wa matunda ya cheri, Mama aliupanda mwaka ule Baba alipomleta kutoka Morogoro, Baba mwenyewe akirejea kwao Afrika Kusini baada ya kuishi uhamishoni Tanzania. Ulikuwa mkubwa kuliko Johannesburg nzima, au ndivyo ninavyoukumbuka. Kisha ukakauka upande mmoja, ukaanza kuegemea paa. Wiki hiyohiyo Mama alishikwa na tumbo, akalazwa, na watoto hatukuruhusiwa kumwona. Baba akaazima msumeno wa injini, akauangusha.

Ndugu zangu, harufu ile! Tamu kama lozi, na chini yake kitu kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika. Pembeni kisiki kilikuwa na miduara safi, minene ya miaka ya mvua na myembamba ya miaka ya ukame. Katikati palikuwa na uozo mweusi wa kuchotwa kwa kijiko, na shimo la kumeza mkono wangu hadi kiwiko.

"Eish," Baba alisema, "huu umekwisha siku nyingi."

Mimi nikasikia habari za Mama. Bahati akachungulia shimoni, akarudi nyuma haraka. Nikakimbilia jikoni. Mama alitulisha nini tupate nguvu? Ugali. Nikabeba sufuria nzima, chakula cha nyumba nzima, nikaushindilia shimoni kwa ngumi mpaka likajaa, juu nikapaka siagi. Kesho yake sisimizi wa jimbo lote la Gauteng walikuwa wamehamia kwetu.

Mama alirudi baada ya siku chache, amekonda, anacheka. Nikajua dawa yangu imefanya kazi, na niliendelea kujua hivyo miaka mingi. Nimeshakuwa mtu mzima, nasoma baiolojia shule ya jioni, ndipo nikamsimulia nilivyomwokoa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

"Mwanangu," akasema, "ule mti uliingiwa na maji pale baba yako alipokata tawi afunge dishi, akaacha kidonda wazi. Mimi nilikuwa na mawe kwenye nyongo. Nilikwishapasuliwa asubuhi ile, kabla hata hajauangusha."