Mkandaji Asiyegusa Mkono

Ukimpelekea mkono unaouma, bibi mkandaji wetu wa Kurui haugusi. Anajipaka mafuta ya nazi, anapita nyuma yako, anazamisha kidole gumba chini ya kombe la bega, na maumivu yanatiririka mpaka kwenye vidole. “Mzizi huu hapa,” ananong'ona, kama anaongea na nyama yenyewe.

Jana alimkanda Seifu, ambaye msumeno wa mbao ulimkata mkono kwenye kiwiko. Seifu hulalamika kwamba vile vidole visivyokuwepo vimekunja ngumi, haviachii. Bibi akabonyeza bega, akasubiri. “Vimefunguka, bibi,” Seifu akasema, machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake mkekani. Bibi akanitazama. “Hebu sogea, mwanangu. Umemkalia vidole.”

Nikasogea.