Feni za Chumba cha Mama

Mtaani walimwita Katuni kwa sababu alitengeneza katuni, na pia kwa sababu akifikiri alikunja uso kama mmoja wa wanyama aliowachora. Alikuwa mwanamke wa makamo, si mtu wa maneno mengi, akiishi na baba yake mzazi katika nyumba ya vyumba vitatu. Chumba kimoja kilifungwa kwa ufunguo. Humo ndimo mama yake alimokata roho baada ya kuugua mapafu kwa muda mrefu, akivuta pumzi kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda, ikivuta na kuachia, usiku na mchana.

Mwaka uliofuata Katuni akapata kazi ambayo hata ndotoni hakuwahi kuiona: vipindi vya televisheni vya kufundishia watoto kusoma, mhusika mkuu mbuzi. Lakini kompyuta yake ya mapajani ilikuwa imechoka. Kuchora iliweza, kurenda ndiko kulikoishinda, yaani ile hatua ya mwisho ambapo mashine hukokotoa mwanga na kivuli cha kila picha, moja baada ya nyingine, mpaka zinakuwa sinema. Mbuzi kutikisa sikio tu, siku nzima imeliwa.

Akamwendea Bisibisi, fundi wa kompyuta zilizotumika, ambaye duka lake lilikuwa uchochoroni, makasha yamepangwa mpaka darini.

"Nataka kama hii," Katuni akasema, akimwonyesha kwenye simu picha ya kompyuta mpya, kasha la kioo, taa za kila rangi.

Bisibisi akacheka. "Dada, hiyo nusu ya bei yake ni vipodozi. Unatafuta ng'ombe wa kulima au wa kupamba zizi?" Akaburuta kasha jeusi, zito kama jiwe la kusagia. "Hii ilikuwa ya ofisi ya wahandisi. Prosesa si ya juzi, lakini ina nguvu. Ramu nitakuongezea. Hela yako kubwa iweke kwenye kadi ya picha, maana programu yako inarendea huko. Na kwenye kadi tazama kwanza ukubwa wa kumbukumbu, kasi baadaye. Picha isipoenea ndani, kasi ya nini?"

Kadi nayo ilikuwa imetumika, na Bisibisi hakukubali kupokea pesa kabla ya kuitesa. Akaipa kazi nzito, wakanywa chai huku feni zikivuma mpaka vikombe vikatetemeka mezani.

"Mbona kelele hivyo?"

"Watu husema rahisi huvunja upishi. Hii haivunji kitu. Itakupigia kelele tu."

Siku ya kuifunga nyumbani, soketi ya sebuleni ilitoa cheche mara Bisibisi alipoigusa. Akauliza kama kuna laini nyingine ya umeme. Katuni akamtazama baba yake, baba akatazama sakafu. Laini nzuri ilikuwepo moja tu, waya mnene wenye swichi yake, iliyovutwa kwa ajili ya mashine ya oksijeni. Hatimaye mzee akanyanyuka, akaleta ufunguo mwenyewe.

"Waya ni waya," akasema.

Bisibisi alipokwisha kwenda, Katuni akampa mbuzi wake kazi ya kutikisa sikio. Kila picha ilipoanza, kadi ilipata moto na feni zikapanda. Picha ilipokwisha, zikashuka. Zikapanda tena. Vuta, achia. Vuta, achia. Vidole vya Katuni vikaganda juu ya kibodi.

Baba akatokea mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. "Unamsikia?"

"Ni feni, baba."

"Najua ni feni. Nimeendesha malori tangu kijana, mashine hainidanganyi. Nimekuuliza, unamsikia?"

Katuni alimsikia.

Toka hapo mzee akahamishia kiti chake mle ndani. Mchana alikaa akiiambia mashine habari za nyumbani: bomba limezibuka, mjukuu wa jirani ameota meno, yule jirani mgomvi amehama, salama sasa. Na kila kazi ilipokwisha na feni kutulia, alitoka uso umempauka kama majivu. "Amenyamaza," alisema, kisha akaisukuma sahani kando. Kwani siku mama alipofariki yeye alikuwa ametumwa dawa. Alirudi na kifurushi mkononi, akakuta nyumba kimya.

Katuni hakuweza kuustahimili uso ule. Akaanza kuipa mashine picha zilizokwisha kurendwa, izirende upya na kuzitupa, ili mradi feni zisisimame. Mbuzi akatikisa sikio lilelile, juma baada ya juma. Ukuta ukawa wa moto, kazi halisi ikapanga foleni nyuma ya kazi ya uongo, na watu wa televisheni wakaanza kupiga simu. Yeye mwenyewe sasa alipita mlango ule kwa kunyata, na mara moja alijikuta ameingia na shuka, akitafuta wa kumfunika.

Mchana mmoja picha zikatoka na madoa, mashine ikazima, ikawaka, ikazima tena. Ikabidi aitwe Bisibisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtazame mgonjwa wako."

Bisibisi akafungua kasha, akapuliza vumbi, akaguna. Dawa ya kupitisha joto kati ya kadi na chuma chake ilikuwa imekauka na kuwa unga. Akaiwasha kidogo, akatazama kioo, akamwona mbuzi. Akatazama tena.

"Dada, hii kazi mbona ilishakwisha zamani? Unarenda nini hapa?"

Katuni akaufunika kioo kwa kiganja.

"Anarenda kwa ajili yangu," baba akasema.

"Kumbe ulijua, baba?"

"Huyo mbuzi ametikisa sikio mpaka nimemchoka. Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka."

Bisibisi akafuta mikono polepole. "Mzee, mashine ya nafuu ni ile inayodumu. Hii isipopumzika itakufa. Nina feni kubwa, zinazunguka taratibu. Nikizifunga hamtasikia kitu."

Mzee akasema, "Usiibadilishe bado. Iache ipige kazi. Nataka niizime mwenyewe. Siku ile, ya oksijeni ilizimwa mimi sipo."

"Niliizima mimi," Katuni akasema. "Alikuwa ameshakwenda, baba, na ile mashine inaendelea tu, inaendelea tu."

"Najua, mwanangu. Mkono ulioizima uliuficha kangani mpaka makaburini."

Katuni akamwonyesha pa kubonyeza. Mzee akasikiliza kwanza, mkono juu ya kasha, midomo ikienda bila sauti. Halafu akabonyeza. Feni zikashuka, zikalegea, ubawa mmoja ukagonga mahali mara chache, ukaacha. Bisibisi akaikagua bisibisi yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Feni kubwa zikafungwa. Vipindi vikakamilika, kwa kuchelewa na kwa kuomba radhi sana, na watoto wakampenda mbuzi. Mzee alirudisha kiti chake sebuleni, ingawa mara nyingine alikatisha usemi katikati na kugeuza shingo, na Katuni naye akageuka, kisha kila mmoja akajifanya hakugeuka.

Kazi nyingine ilipokuja, ikahitajika mashine ya pili. Safari hii baba akasema atakwenda naye dukani. Bisibisi akatoa mbili, akaeleza ya kwanza ina kadi nzuri zaidi na bei ndogo. Mzee akataka ziwashwe, zipewe kazi. Akasikiliza ya kwanza amefumba macho, akatikisa kichwa haraka na kurudi nyuma hatua moja. Akasikiliza ya pili, muda mrefu.

"Huyu simjui," akasema. "Tuchukue huyu."

Ndiyo iliyokuwa ghali. Bisibisi akafungua mdomo atoe ushauri wake, akamtazama Katuni, akaufunga. Katuni akalipa.