Makonzi ya Asubuhi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni mwalimu wa darasa la tatu. Miaka nenda rudi ni hilo hilo la tatu. Nikimtania kwamba mimi angalau nilifika la saba, hunijibu, "Wewe ulimaliza, wifi. Mimi kila mwaka narudishwa." Aliolewa, akaachika, hakujaliwa mtoto. Ulipotufika msiba wa kaka yake alikuja kukaa nami siku chache, na siku hizo hazijaisha mpaka leo.

Wanafunzi wanamwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Darasa lake limejaa hadi mlangoni, madawati yanabeba watoto wengi kuliko yalivyokusudiwa, na ubao una shimo katikati. Anaandika akilizunguka lile shimo kama mtu anayekwepa dimbwi. Chaki zikiisha ananunua zake. Si mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kumfanya msomaji amdhanie hivyo.

Mwaka juzi aliingia darasani kwake binti wa fundi baiskeli wa pale njia panda. Mama yake alifariki mtoto akiwa mchanga, na fundi alimlea mwenyewe kati ya spoku na matairi. Alikuwa mdogo wa umbo, ana tabia ya kutafuna kola ya shati, lakini swali lilikuwa halijafika mwisho yeye ameshalijibu. Wifi ndiye aliyempa jina la Umeme.

Siku moja alirudi nyumbani akanikuta nachambua mchele.

"Wifi, leo yule mtoto ameniuliza kama kuna namba kubwa kuliko zote. Nikamwambia haipo, ukiongeza moja inapatikana nyingine. Akaniuliza, 'Basi zile za huko mbele, ambazo hakuna mtu amewahi kuzifikia, nani anazihesabu?'"

"Ulimjibuje?"

"Nilimwambia akae chini."

"Ungemwambia Mungu ndiye anazihesabu."

Alicheka, akavua viatu, akakaa na mkono shavuni. Nilimwona jinsi alivyokuwa na furaha na huzuni pamoja. Mtoto yule alikuwa akimaliza hesabu za ubaoni wenzake hawajachonga penseli, kisha anakaa bure asubuhi nzima akitafuna kola. "Anaoza pale," wifi aliniambia. "Mbegu nzuri naiona inaoza mkononi mwangu."

Akamwendea mwalimu mkuu kuomba arushwe darasa, atoke la tatu aende la tano, ambako kulikuwa na mwalimu wa hesabu mwenye sifa. Mwalimu mkuu alimwambia, "Shule hii haina darasa la wenye vipaji, Mwalimu. Ina madarasa ya waliopo." Wifi hakukoma. Alimfuata ofisini, akamfuata getini, hata kwenye mazishi ya jirani alimkalia karibu akamkumbusha. Mwisho yule bwana alichoka. Akasema mkaguzi wa elimu anakuja mwisho wa muhula, atampima mtoto mwenyewe. Akijibu, atarushwa. Asipojibu, habari hiyo isirudi tena mezani kwake.

Tangu hapo, baada ya masomo, wifi alibaki na Umeme barazani wakipanga vizibo vya chupa sakafuni, wakijifunza kugawanya na mambo mengine ambayo mimi siyajui. Fundi alipokuja kumchukua binti yake alisimama pembeni na mikono yake ya grisi nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada na viatu.

"Mwalimu, atapita huyu?"

"Fundi, asipopita huyu, hakuna wa kupita."

Sasa kuna jambo la asubuhi. Kwenye shule nyingi za kwetu hesabu za kichwa huanza siku. Darasa zima linasimama, mwalimu anauliza, anayejua anajibu. Waliokosa wanabaki wima, na yule aliyejibu anapita mstari mzima akiwapiga konzi la kichwa, mmoja mmoja. Ndivyo tulivyosoma sote. Inahesabiwa kuwa ni heshima ya anayejua, na mwalimu naye anapumzisha mkono.

Bila shaka umeshaona. Aliyejibu kila asubuhi alikuwa Umeme.

Mwanzoni alikuwa akiwagusa tu. Wifi alimwita mbele, akamwinamishia kichwa chake mwenyewe, akamwambia, "Nipige mimi. Hapana, hilo ni la kufukuza nzi. Kunja vidole. Tena." Darasa lilicheka sana siku hiyo. Baada ya hapo mtoto alipiga sawasawa, kwa kuwa alikuwa mtoto msikivu.

Mimi nilimuuliza wifi, "Huoni wenzake watamchukia?"

"Watamchukia kwa nini? Wasome na wao. Mimi nilipiga makonzi utoto wangu wote na mkono haukukatika."

Nikamwachia. Mwalimu ni yeye.

Kwenye bomba la maji walianza kumsukuma. Wakati wa kucheza kamba, alipofika kamba iliwekwa chini. Aliyebaki naye ni mtoto mmoja aliyekaa naye dawati moja, mjukuu wa mama anayeuza mkaa, mzito wa kusoma, mpole, ambaye darasa lilimwita Kobe. Wawili hao waligawana kila kitu, hata penseli waliikata kati. Na kila asubuhi Umeme alipita mstari, akifika kwa Kobe anampiga konzi, kisha wanarudi kukaa pamoja. Kobe alikuwa akimwambia, "Leo halikuuma," hata siku lililouma.

Karibu na mwisho wa muhula Kobe alitokwa na vidonda kichwani. Bibi yake alimnyoa akampaka dawa ya zambarau. Asubuhi ile Umeme alipomfikia alinyoosha kidole kimoja, akamgusa sikioni.

"Umeme!" wifi akaita. "Hakuna undugu kwenye hesabu. Rudia."

Mtoto akasimama.

"Rudia, au upigwe wewe."

Nyuma mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Umeme umekatika," wakacheka. Kobe akamsogezea kichwa mwenyewe, akasema, "Piga tu, mwenzangu, tukae." Umeme akapiga. Kidonda kikapasuka, damu na dawa vikashuka pamoja mpaka kwenye nyusi.

Wifi alimwosha Kobe kwa mikono yake, akamfunga kitambaa, akamrudisha kwao. Alinieleza jioni ile kama mtu anayesimulia ajali ya barabarani aliyoishuhudia tu. Bibi wa Kobe hakugomba. Alisema, "Ahsante kwa kumleta," na hakumrudisha tena mjukuu wake shuleni. Siku hizi mtoto huyo anampimia wateja mkaa kwa kopo.

Kesho yake wifi aliuliza swali la kwanza. Akamtazama Umeme.

"Sijui, Mwalimu."

Lilikuwa swali la mtoto wa la kwanza. Akauliza jingine. "Sijui, Mwalimu." Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alikuwa akingoja siku yake, akajibu, akapita mstari na ngumi iliyokunjwa vizuri. Alipomfikia Umeme alimpa la kweli. Wifi anasema mtoto hakujikinga. Aliinamisha kichwa vilevile Kobe alivyofanya, na uso wake ukalegea kama aliyetua mzigo.

Wifi alidhani ni homa. Halafu akadhani ni kiburi, akamgombeza. Halafu akaogopa, akaja kuniomba tusali. Tulisali. Barazani mtoto aliangalia vizibo kama vitu vilivyodondoka njiani.

Mkaguzi alikuja. Wifi alinisimulia kila kitu, na naamini hakuficha. Ofisini walikaa mwalimu mkuu, mkaguzi, wifi na fundi, ambaye siku hiyo alikuwa amesugua mikono kwa mchanga hata ngozi imekuwa nyekundu. Mkaguzi alikuwa mtu wa taratibu. Alianza na swali la kumzoesha.

"Mwanangu, saba mara nane?"

"Shikamoo. Sijui."

"Saba na nane tu, kujumlisha?"

"Sijui."

Mkaguzi alimgeukia wifi. "Mwalimu, ndiye huyu?"

"Ndiye, mheshimiwa. Anajua. Naapa anajua. Umeme, mwambie ile ya vizibo! Mwambie, mama!"

Sauti yake ilisikika hadi uwanjani. Mwalimu mkuu alikohoa, akasema, "Nadhani tumemwona." Ikawa imekwisha. Njiani mkaguzi alimtania mwalimu mkuu kwamba walimu wasio na watoto hujitafutia, na wifi, aliyekuwa nyuma yao, alisikia.

Fundi hakumpiga binti yake. Alimkalisha kwenye kigoda chake pale njia panda, akaendelea kunyoosha rimu iliyopinda, akamuuliza bila kumtazama, "Umenisahau mimi, au umesahau hesabu?"

"Sijasahau, baba."

"Basi?"

"Ukijua, unapewa watu wa kuwapiga."

Kesho yake fundi aliacha kazi akaja nyumbani kwetu. Alikataa kuingia. Alisimama mlangoni, akamwambia wifi maneno hayo kama alivyoyapokea, bila kuongeza lake, akaaga. Wifi alibaki ameshika mlango.

Makonzi yamekwisha darasani kwake. Alitangaza mbele ya watoto wote, na walimu wenzake wanamcheka kwamba amezeeka. Alimwita Umeme peke yake barazani, akapiga magoti mbele yake, mtu mzima na sketi yake ya kazi, akamwambia, "Nilikosea mimi, si wewe. Hakuna atakayepigwa tena. Nisamehe."

"Ndiyo, Mwalimu," mtoto akasema, kwa adabu.

Kisha wifi akamuuliza, kwa sauti ndogo kabisa ambayo sikujua kama anayo, tano mara kumi na mbili ni ngapi. Anasema aliiona midomo ya mtoto ikianza kufunguka, jibu lipo pale pale nyuma ya meno. Alingoja. Midomo ikafungwa.

"Sijui, Mwalimu."

Yuko la tano sasa, amefika kwa miaka yake kama wengine wote. Yule mwalimu wa hesabu mwenye sifa alipoulizwa habari zake alisema ni mtoto mtulivu, wa kawaida, hasumbui.