Anayesukuma Ni Nani

Bi Foronya hakuamini kitu ambacho hakijainuliwa mbele ya dirisha. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Katika chumba cha mashuka cha hospitali, kila shuka lililotoka kufuliwa alilishika ncha mbili, akalinyanyua kwenye mwanga, akalitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayesema ameshaoga. Tundu lilijitaja lenyewe. Doa nalo, hata kama limefuliwa likabaki kivuli tu. "Shuka halijui kusema uongo mbele ya mwanga," alikuwa akisema. Jina lenyewe alipewa na wenzake kazini, maana hata foronya hakuipokea mpaka ameigeuza ndani nje.

Basi binti yake wa pekee, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa, alipomleta nyumbani fundi baiskeli na kusema huyu ndiye, Bi Foronya alimgeuza ndani nje. Alitazama kucha, alitazama kola, alisikiliza anavyokunywa maji. Kijana akapita. Aliamkia vizuri, akaulizwa akajibu, hakuulizwa akanyamaza. Mama mtu akaanza kulegea, na kulegea huko kukamtia wasiwasi zaidi, kwa kuwa nguo isiyo na doa hata moja huenda haijavaliwa na mtu.

Doa lilijitokeza jioni moja alipopita karakana ya fundi na kukuta kibao cha ajabu.

Kilikuwa ubao mrefu uliopinda kidogo juu kwenye ncha zake, chini kina magurudumu manne ya kujazwa upepo, mafupi na manene, na juu mikanda miwili ya kutia miguu. Fundi alieleza kwamba mteja mmoja alikitupa kikiwa kimevunjika, naye akakifufua. Wenye vibao kama hicho huvipandisha kilimani, wakasimama juu yake na kuteremka navyo.

Bi Foronya akageuka kuutazama mji wao, uliokuwa umelala kama sinia.

"Injini iko wapi?"

"Hakina injini, mama."

"Na kilima kiko wapi?"

"Hapa kwetu hakuna."

"Sasa kinakwendaje?"

Fundi akatabasamu. "Kinataka kusukumwa kidogo tu pale mwanzoni, mama. Kikishashika mwendo kinakwenda chenyewe."

Angesema neno lolote jingine duniani, pengine mambo yangekwenda upesi. Lakini maneno hayo Bi Foronya aliyajua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Marehemu ndoa yake, kwa maana mume mwenyewe alikuwa hai huko aliko, ilijengwa juu ya maneno hayo. Yule bwana alikuwa na gari bovu la kubebea mizigo, lisilowaka bila kusukumwa. Kila asubuhi yeye hushika usukani, mkewe huenda nyuma. "Kidogo tu pale mwanzoni, mama watoto." Alisukuma akiwa bibi harusi, alisukuma na mimba, alisukuma na mtoto mgongoni, jua likiwaka na matope yakiruka. Majirani walimjua kwa mgongo kuliko kwa uso. Na asubuhi moja alisukuma kama kawaida, gari likakohoa, likawaka, bwana akatoa mkono dirishani akapunga, akakata kona. Hakurudi tena. Kilichomuuma Bi Foronya si kuachwa. Walioachwa ni wengi na wanakula wanashiba. Kilichomuuma ni kwamba alimsukuma yeye mwenyewe.

Kwa hiyo hakuogopa umaskini wa fundi wala grisi ya mikono yake. Aliogopa jambo moja tu: mwanawe asije akamaliza ujana wake akiwa nyuma ya mtu.

Akaanza kuvizia. Binti alirudi jioni akiwa na jasho, Bi Foronya akanusa. Alilalamika kuwa paja linamvuta, mama akaitikia kwa mguno. Siku moja akainama mlangoni kupanga viatu, akakuta kile cha kulia cha binti yake kimelika soli upande wa vidole, kimelika hasa, na cha kushoto kizima kama kimetoka dukani. Anayesukuma mzigo, alijiambia, hukanyaga kwa vidole.

Alimpelekea habari hizo mwenzake wa chumba cha mashuka, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akishona viraka. Mshona Viraka akamsikiliza mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Wewe ungeposwa na malaika ungemkagua mbawa," alisema.

"Ningemkagua ndiyo. Zinaruka, au ni za kuazima?"

Mshona Viraka akacheka mpaka sindano ikapotea njia. Akamwambia kama ni kuwaona, asihangaike kwenda mbali. Wale wawili huja kwenye sakafu ya kuanikia nguo, nyuma ya hospitali, binti akitoka kazini, maana hakuna pengine mjini penye saruji pana namna ile.

Jua lilikuwa limeinama Bi Foronya alipotoka na beseni ambalo halikuwa na kitu ndani. Mashuka yalikuwa yamening'inia kamba kwa kamba, meupe, yakivuta pumzi na kuitoa. Akasikia magurudumu yakinong'ona juu ya saruji. Akasimama. Kwenye shuka lililokuwa mbele yake, mwanga ukitokea upande wa pili, vivuli viwili vilipita polepole. Kimoja kimesimama wima, kipana mabega, kichwa kikubwa cha duara chenye kofia ngumu. Cha pili kimeinama nyuma yake, mikono imeshika kiuno cha mwenzake.

Miaka yote ile ikamrudia mgongoni. Shuka halisemi uongo. Akalishika ncha, akalinyanyua.

Aliyekuwa juu ya kibao ni binti yake, amevaa kofia ya fundi na koti la fundi. Aliyeinama nyuma ni fundi.

Ilikuwa mara ya kwanza shuka kumdanganya, na Bi Foronya hakulisamehe papo hapo. Wala hakumsamehe fundi. "Kabla ya ndoa," alisema, "kila mwanamume hodari wa kusukuma."

Wakashtuka wote wawili. Fundi akajinyoosha, lakini hakuondoa mikono.

"Simsukumi, mama. Nimemshika tu asianguke. Mwangalie mguu."

Bi Foronya akatazama chini, pale alipopaswa kutazama tangu mwanzo. Mguu wa kushoto wa binti yake ulikuwa umefungwa kwenye mkanda wa mbele. Wa kulia haukufungwa. Ulishuka, ukakanyaga saruji kwa vidole, ukapiga nyuma, ukarudi juu. Kiatu kimoja. Naye aliyesukuma gari miaka yote ile alijua vizuri kwamba kazi hiyo hula viatu vyote viwili sawasawa. Hofu ilikuwa imemfumba macho yaliyokuwa wazi.

"Mwachie," alisema.

Fundi akamtazama binti, si mama. Binti akaitikia kwa kichwa. Mikono ikaachia.

Sakafu ilikuwa tambarare. Hapakuwa na mteremko wa kumsaidia mtu kudanganya. Binti alikunja goti la mbele, akaegemeza uzito wake hapo, akapiga hatua fupi ya chini, kibao kikasita. Akapiga nyingine, kikakubali. Akapandisha mguu nyuma, akayumba, akajirudi, akaenda akipita kati ya mashuka bila mtu nyuma yake. Fundi alibaki aliposimama, viganja wazi, hakumkimbilia. Hilo Bi Foronya aliliona, akaliweka mahali pake.

Binti aliporudi akikokota kibao, mama yake alimpa beseni akavua kandambili.

"Mama, utaanguka."

"Nimeanguka pakubwa kuliko hapa." Fundi akasogea, akanyooshewa kidole. "Wewe usinishike."

Akatia mguu wa kushoto chini ya mkanda, akapandisha gauni kidogo, akakanyaga saruji kwa ule wa kulia. Alisukuma. Kibao kilikwenda urefu wa shuka moja, labda na foronya yake, kikasimama. Bi Foronya aligeuka haraka kutazama mgongoni kwake. Hapakuwa na mtu.

Akashuka, akavaa kandambili zake, akachukua beseni lake tupu. Alikuwa ameshafika kamba ya pili ndipo akamwita fundi.

"Waambie wazazi wako waje tuzungumze."

"Asante, mama."

"Usinishukuru bado. Na kama watakuja na gari," akasema, akilirudisha vizuri kambani lile shuka lililomdanganya, "liwe linawaka lenyewe."