Komedi yetu ya ofisini ilivyomharibia Mzee Ntandu heshima yake Issuna

Wakuu, kwema? Hili limenikaa kooni muda, leo nalitua hapa. Sijaongeza chumvi, na anayenifahamu humu asinitaje jina tafadhali.

Mimi niko Ikungi. Tulikuwa kikundi cha vijana tunaorekodi komedi, inarushwa na kituo kidogo cha TV ya kebo hapa mkoani. Stori ni ya ofisi ya kata. Mimi nilicheza Mtendaji, bosi mwenye kiburi na kitambi cha kuwekea mto.

Mhudumu wa ofisi, yule wa kuchemsha chai, aliigizwa na Mzee Ntandu wa Issuna. Mkulima wa alizeti, hajawahi kuigiza popote. Lakini mbele ya kamera, jamani! Anashika birika tu, watu hoi.

Sasa mjue kitu kimoja. Kwao huyu mzee ndiye aliyekuwa anatumwa kuposa. Ukiwa na kijana wa kuoa, msemaji wako ni yeye. Hana cheo kingine, na hakuwa anakihitaji.

Episode ya kwanza ikaenda poa. Ya pili ndiyo iliyotumaliza.

Kwenye script, mhudumu anamwaga chai mezani. Bosi anamfokea mbele ya wananchi, halafu anamlazimisha atoke nje aingie upya na salamu: "Shikamoo bosi." Mimi niitikie marahaba huku nimeegemea kiti.

Wakuu, nilishindwa. Kila mzee akitokea mlangoni, mdomo wangu unatangulia: "Shikamoo mzee!"

Tumelelewa hivyo, utafanyaje?

Halima, director wetu, akawaka. "We ndo bosi! Mbona unamwamkia mhudumu?"

Mzee mwenyewe ndiye aliyenitia moyo. "Nikaripie tu kijana wangu. Hapa siyo nyumbani, hapa ni kazi."

Basi nikamkaripia. Tulicheka mpaka mshika kamera akakaa chini.

Ilivyorushwa, clip ikasambaa WhatsApp Issuna nzima. Siku ya mnada vijana wadogo kabisa wanampita mzee wanamwambia, "Mhudumu, mbona hujaniamkia?" Yeye anacheka. Na sisi wajinga tukaona ndo umaarufu wenyewe huo.

Kisha akatumwa kuposa kijiji cha pili.

Alisimama, akakohoa kidogo, akaanza kuwasalimu wenye mji. Kabla hajamaliza, kijana mmoja wa upande wa binti akaitikia kwa sauti ya kibosi: "Marahaba!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Hata watu aliokwenda nao.

Baba wa binti hakucheka. Akasema binti yake haposwi na mchekeshaji, walete msemaji mwingine. Na kweli akasimamishwa mwingine. Mzee Ntandu akatoka, akakaa nje peke yake mpaka maongezi yakaisha.

Tangu hapo hajatumwa tena. Kwetu location pia hakuja. Halima alipopiga simu, mkewe alimjibu kwa upole tu, "Mwacheni mzee apumzike." Bila yeye komedi ikafa.

Nilimfuata kwake, namkuta anapura alizeti. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nilijiandaa kusemwa. Ningefurahi kusemwa, aisee.

Badala yake akaniuliza, "Hivi ile ya tatu, mimi ningefanya nini?"

Nikamweleza. Kwenye episode ya tatu bosi anataka kuoa na hana mzee wa kumtuma. Anahangaika weee, mwisho anampigia magoti mhudumu wake amwombee mke. Mhudumu anakwenda, anaongea, mji mzima unanyamaza kumsikiliza.

Mzee alicheka mpaka akafuta machozi. Akachukua fimbo yake ya kupuria.

"Basi mngeanza na hiyo."

Wakuu, nimejifunza kwamba mtu akikuruhusu umdharau kwa mchezo, majirani zake hawajui kama ni mchezo. Inaniuma mpaka leo.

Kama kuna aliyewahi kumrudishia mzee heshima yake mbele za watu, aniambie alifanyaje. Waliozoea kukejeli, nao waje tu, nimestahili.