Mbao za Paa la Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa Majengo kwenye duka la mbao. Fundi akapitisha msumeno kwenye ubao mbichi, na ile harufu ya unga wa mbao ikanijaa puani. Jamani, nilirudi utotoni palepale. Nilijiona nina miaka kumi, niko uani kwa Bibi kule Hombolo, penseli nimeichomeka sikioni kama fundi kamili.

Bibi huyo ni mama mzaa mama. Alikuwa akiishi kwenye tembe, ile nyumba yetu ya paa bapa la udongo, na kila mvua ilimvujia mpaka kitandani. Baba, ambaye alikuwa seremala, akajitolea kumjengea nyumba ya bati yenye paa la kusimama, maji yasipate hata pa kutuama. Lakini niwaambie ukweli, Baba hakuwa anajenga nyumba tu. Tangu alipomposa Mama, Bibi alimwita "mgonga misumari", na wala hakujificha kwamba hakumtaka. Baba alitaka mkwe wake amsifu, walau mara moja. Na mawingu yalishaanza kujikusanya.

Paa la kusimama lina kazi yake. Kila ubao wa kenchi, ile fremu ya kubebea bati, unakatwa ncha kwa mshazari mrefu, ili wa kulia na wa kushoto zikikutana juu zishikane, isipite hata karatasi. Baba alihangaika na ubao wa kwanza asubuhi nzima. Uliponyooka akaupaka rangi nyekundu, akauita Mzazi. Mbao nyingine zote zichorwe kwa kufuata Mzazi, basi. Kazi ya kuchora akanipa mimi, eti mkono wangu hautetemeki. Nilivimba kichwa siku hiyo, hamkuniweza!

Sasa kumbeba Mzazi kutoka ubao mmoja hadi mwingine, jua likiwaka utosini, si mchezo. Kufika mchana nikachoka. Ubao uliotoka kukatwa ulikuwa hapohapo miguuni, nikauchukua huo nikachoria wa pili, wa pili nikachoria wa tatu, nikaendelea hivyo hivyo. Penseli ilikuwa butu, mistari ikatoka minene, na sikuichonga. Kila mstari ukawa unalala kidogo zaidi ya uliotangulia. Baba alinifuata nyuma na msumeno, akakata nilipochora, kwa kuniamini.

Kesho yake majirani walikuja kusaidia kupandisha. Kenchi za kwanza zilishikana vizuri. Za mwisho zilikenua, hata ngumi yangu ingepita. Bibi akainuka kwenye kigoda chake.

"Mkwe, ndiyo nini hicho?"

Nikaichomoa penseli sikioni, nikaificha mfukoni. Baba alichukua ubao mmoja, akapitisha kidole gumba kwenye alama ya penseli iliyobaki ukingoni, akanitazama mara moja tu.

"Ni mimi, Mama. Nimekosea vipimo."

Akakata ncha upya, zote, na mbao zikapungua urefu. Paa lilisimama kabla ya mvua na halikuvuja hata tone. Ila halikufika kufunika baraza. Kila mvua iliponyesha Bibi aliokota kigoda chake akakimbilia ndani huku akisema, "Mkwe wangu na vipimo vyake!" Watu wakacheka, Baba naye akacheka. Alisema hivyo mpaka tulipomzika, na kila aliposema nilitazama chini.

Utotoni nilidhani Baba aliniokoa na viboko tu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa alichotoa siku ile. Sifa aliyoisubiri miaka yote aliiacha mwenyewe, mbele ya majirani, kwa ajili ya mstari wangu wa kivivu. Hilo linaniuma, na linanifanya nimpende mpaka nashindwa kusema.

Kutoka dukani nilipitia kwa Baba, mtaa wa Kikuyu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, penseli yangu ilichora mstari mnene vile lini?"

"Sasa Baba, kwa nini ulimwacha Bibi akuseme miaka yote ile?"

Akafuta macho kwa kiganja.

"Mimi alishazoea kunisema," akasema. "Wewe alikuwa hajaanza."